Moja Kutwa Mara Tatu: Jinsi ya Kusoma Vifupisho Kwenye Cheti cha Hospitali

Mgonjwa akitoka kwa daktari, cheti hukigeuza. Hukitazama hivi, hukitazama vile, halafu hukikunja na kukitia mfukoni mpaka afike dirisha la dawa. Nimesimama upande wa ndani wa dirisha hilo miaka mingi, na nawaambieni hata sisi wengine hukigeuza. Mwandiko ni tatizo moja, nalo linapungua kadiri hospitali zinavyohamia kwenye kompyuta. Vifupisho ndivyo vimebaki palepale, tena sasa vinatoka kwenye printa vimenyooka kabisa, na bado mtu anafika nyumbani hajui BD ni nini.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa na wa ndugu anayemhudumia. Nimeufuata mtindo wa vyeti vya Tanzania, ambao kwa sehemu kubwa ni wa Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo msomaji wa Kenya au Uganda ataukuta ni ule ule.

Hatua ya 1: Jua uko sehemu gani ya karatasi

Usianze na herufi. Anza na mahali zilipoandikwa, maana herufi zile zile hubadilika maana zikihama mstari.

Cheti cha mgonjwa wa nje, yaani OPD, kwa kawaida hushuka hivi. Juu kuna C/O, malalamiko yako mwenyewe kama ulivyoyasema. Chini yake O/E, alichokiona daktari alipokugusa na kukusikiliza kifua. Hufuata Ix au Inv, vipimo unavyotumwa kufanya. Kisha Dx au Imp, au kipembetatu kidogo hiki Δ: huo ndio ugonjwa. Halafu Rx au Tx, matibabu. Mwisho kabisa utakuta TCA na tarehe. Wengi hudhani ni kipimo kingine na huenda maabara kukiulizia, kumbe wameambiwa tarehe ya kurudi.

Hiyo Rx, ile R yenye mkia uliokatwa, ni neno la Kilatini "recipe", maana yake "chukua". Vifupisho vingi vya dawa ni Kilatini, ndiyo maana hata aliyesoma Kiingereza mpaka chuo kikuu hukwama hapo. Huna haja ya kuona haya.

Sasa tazama jinsi mahali panavyobadili maana. BS ikiwa kwenye vipimo, ni damu ya kwenye kioo inayotazamwa kwa hadubini kutafuta vimelea vya malaria, ingawa kwingine huandikwa hivyo hivyo kwa sukari ya damu. Ikiwa kwenye O/E, ni sauti za pumzi kifuani au za utumbo. PID kwa mwanamke mwenye maumivu ya chini ya kitovu ni maambukizi kwenye via vya uzazi. Kwa dereva wa lori anayelalamika mgongo na ganzi ya mguu, PID ni diski ya uti wa mgongo iliyotoka mahali pake. Mke akiokota cheti hicho mfukoni mwa suruali na kuuliza shoga yake aliyewahi kuandikiwa PID, hapo nyumba inawaka moto bure.

Hatua ya 2: Nenda moja kwa moja kwenye Rx

Mengine yote ni ya daktari. Mstari wa dawa ni wako, kwa sababu utautekeleza wewe, nyumbani, bila nesi. Mara ngapi kwa siku, huandikwa hivi:

- OD: mara moja kwa siku
- BD: kutwa mara mbili
- TDS: kutwa mara tatu
- QID au QDS: kutwa mara nne
- mane: asubuhi
- nocte au HS: usiku wakati wa kulala
- AC: kabla ya kula, PC: baada ya kula
- PRN: pale unapohitaji tu
- stat: papo hapo, mara hii moja tu

Hizo mbili za mwisho zinahitaji maelezo. Kiswahili chetu kina mtego wake: "mara moja" ni haraka, na "mara moja" ni isiyorudiwa. Stat ni zote mbili kwa pamoja. Unapewa sasa, na basi. OD nayo tunaitafsiri "mara moja", lakini hii ni mara moja kila siku. Nimeona mtu wa dawa ya presha akameza kidonge kimoja siku ya kwanza, akavifunga vilivyobaki, kwa sababu aliambiwa "meza mara moja". Dawa ya presha ya OD huliwa kesho, na keshokutwa, na mwezi ujao.

PRN nayo haina maana ya kula upendavyo. Paracetamol ikiandikwa PRN kwa mtu mzima, mpaka wake uko pale pale: vidonge vya miligramu 500 visizidi 8 kwa saa 24, na kati ya mlo na mlo wa dawa zipite angalau saa 4.

Mara nyingi hutaona hata BD wala TDS. Utaona 1x3 au 2x3, ile lugha ya dirishani tuliyokua nayo: "moja kutwa mara tatu", "mbili kutwa mara tatu". Namba ya kwanza ni idadi ya vidonge kwa mkupuo, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kwa hiyo 2x3 na 3x2 zote ni vidonge sita kwa siku, lakini si dawa moja. Ukizigeuza umebadilisha dozi.

Njia ya kuitumia pia hufupishwa. PO ni kwa mdomo, IM sindano ya kwenye msuli, IV ya kwenye mshipa, SC ya chini ya ngozi, SL chini ya ulimi, PR njia ya haja kubwa, PV ukeni, gtt ni matone. Na kama ndugu yako amelazwa na ukaona kwenye kitanda chake NPO au NBM, weka chini hiyo chupa ya uji. Maana yake asitie kitu chochote mdomoni, mara nyingi kwa sababu anaingia chumba cha upasuaji, na tumbo lililojaa wakati wa usingizi wa dawa linaweza kumrudishia chakula kwenye mapafu. Hata maji uliza kwanza.

Hatua ya 3: Geuza mara kuwa saa

"Kutwa mara tatu" watu huisoma asubuhi, mchana na jioni. Kwa dawa nyingine haina neno. Kwa antibaiotiki ina neno, kwa sababu dawa hupungua kwenye damu na vijidudu havilali. Mara tatu ni kila baada ya saa 8. Kwa saa zetu: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Mara mbili ni kila baada ya saa 12, kwa mfano saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Mara nne: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku.

Na hapo pana jambo ambalo vitabu vya wenzetu havina sababu ya kuliandika. Hospitali huhesabu kwa saa za Kizungu. Karatasi ikisema 8:00 au 0800, hiyo ni saa 2 asubuhi. Wodini wakiandika 2000, ni saa 2 usiku. Saa ikiwa imeandikwa kwa tarakimu, muulize muuguzi, "Sista, hii ni saa ngapi kwa Kiswahili?" Tofauti ya saa 6 kwa mgonjwa wa insulini si mchezo.

Dawa mseto ya malaria, ALu, ndiyo inayovuruga watu kuliko zote. Mtu mzima huandikiwa 4x2 kwa siku tatu, yaani vidonge 24 kwa jumla. Lakini siku ya kwanza haifuati asubuhi na jioni: dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Ukianza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni. Kuanzia siku ya pili ndipo unaingia asubuhi na jioni, kila baada ya saa 12. Na uimeze na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa, kwa sababu mafuta ndiyo yanayoisaidia kuingia mwilini. Chai ya rangi peke yake haitoshi.

Hatua ya 4: Soma mafungu

Mwisho wa mstari wa dawa utakuta kitu kama 5/7, au 2/52, au 3/12. Hii si hesabu ya darasa la nne, wala 5/7 si tarehe tano mwezi wa saba, ingawa wapo walioingoja.

Tazama namba ya chini. Ikiwa 7, tunahesabu siku, kwa kuwa wiki ina siku 7. Ikiwa 52, tunahesabu wiki, kwa kuwa mwaka una wiki 52. Ikiwa 12, ni miezi. Namba ya juu ndiyo idadi. Basi 5/7 ni siku tano, 2/52 wiki mbili, 3/12 miezi mitatu. Mafungu hayo hayo hutumika kwenye malalamiko: "cough 3/52" ni kikohozi cha wiki tatu, na kikohozi cha wiki mbili au zaidi ndicho kinachomfanya daktari akutume kupima kifua kikuu, TB.

Ukishajua hilo, kokotoa. Mstari unasema: Caps Amoxicillin 500mg 1x3 5/7. Kapsuli moja, mara tatu, siku tano. Unatakiwa kubeba kapsuli 15. Kama za miligramu 500 hazipo na umepewa za 250, basi utameza mbili mbili na mfuko wako uwe na 30. Zikiwa pungufu, sema hapo hapo dirishani. Mfamasia mzuri hakasiriki akihesabiwa, na asiye mzuri acha akasirike.

Hatua ya 5: Chunga herufi ndogo zinazofuata namba

mg ni uzito wa dawa yenyewe. ml ni ujazo wa maji yanayoibeba. Kwenye chupa ya mtoto utaona 125mg/5ml: katika kila mililita 5 kuna miligramu 125 za dawa. Daktari akiandika 250mg, mtoto anakunywa ml 10. Mama akichanganya akapima ml 250, angemnywesha zaidi ya chupa mbili za ml 100, na bahati nzuri hilo humshtua mwenyewe kabla ya kumaliza. Hatari ni zile namba ndogo zisizoshtua mtu. Pima kwa kikombe au bomba lililokuja na dawa. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani.

mcg ni mikrogramu, na 1,000 kati yake ndizo miligramu moja. IU au U ni yuniti, hasa kwenye insulini. Herufi hii U imekwisha kuumiza watu: 10U iliyoandikwa kwa haraka husomeka 100. Mwaka 2004, Joint Commission, chombo kinachokagua hospitali za Marekani, kilitoa orodha ya vifupisho visivyotakiwa kuandikwa, na U ilikuwamo. QD, ambayo Wamarekani huandika kwa maana ya OD, ilikuwamo pia kwa kuwa hufanana na QID: mara moja ikawa mara nne. Walikataza vilevile sifuri ya mkia, 1.0 inayosomeka 10, na nukta isiyotanguliwa na sifuri, .5 inayosomeka 5. Ukiona namba yenye nukta kwenye cheti chako, isome kwa sauti mbele ya anayekupa dawa.

Kama ndugu yuko Marekani na anakutumia dawa, jua kwamba huko kutwa mara mbili ni BID na mara tatu ni TID. OD kwao, hasa kwa daktari wa macho, ni jicho la kulia.

Kwenye pakiti yenyewe, EXP ni mwisho wa matumizi na MFG ni siku ilipotengenezwa. Watu hutazama moja wakadhani ni nyingine. SR, XR au ER baada ya jina ni dawa inayojiachia taratibu tumboni. Usiitafune wala kuiponda. DS kwenye kotrimoksazoli ni ile ya nguvu mara mbili, 960 badala ya 480. Lakini DS kwenye dripu ni maji ya sukari na chumvi. Mahali, tena.

Hatua ya 6: Majibu ya maabara

Hapa watu hulia bila sababu na hucheka bila sababu. "Positive" au +ve maana yake kinachotafutwa kimeonekana. -ve, NIL au "not seen" ni hakijaonekana. NAD, ambayo huwatisha wengi kwa kukaa kama jina la ugonjwa, ni "hakuna kasoro iliyoonekana". Ukiiona, nenda ukale.

mRDT ni kile kipimo cha malaria cha haraka chenye mistari. Ukipimwa kwa BS, jibu laweza kuja kama 20/200WBC: mtaalamu ameona vimelea 20 wakati akihesabu chembe nyeupe 200. Kwa makadirio ya kawaida, zidisha hiyo 20 kwa 40, upate vimelea 800 katika mikrolita moja ya damu. UPT ni mimba kwa mkojo. FBP ni picha kamili ya damu, karatasi ndefu yenye WBC (chembe nyeupe), RBC (nyekundu), HGB (wingi wa damu) na PLT (chembe sahani). Pembeni huandikwa H kwa iliyozidi na L kwa iliyopungua. H moja haikuui. Mashine huweka H hata kwa kuzidi kidogo mno, na daktari husoma zote kwa pamoja na sura yako.

Hb, ambayo ni ile ile HGB, unayoweza kuikumbuka kichwani: chini ya 11 kwa mjamzito, chini ya 12 kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 13 kwa mwanamume, damu imepungua. FBG ni sukari kabla ya kula chochote, na 7.0 kwenda juu ni kiwango cha kisukari, ingawa asiye na dalili hurudiwa kipimo kwanza. RBG ni sukari ya wakati wowote, na 11.1 kwenda juu pamoja na dalili inatosha. Hizo za sukari ni kwa kipimo cha mmol/L. Mashine yako ikiwa imetoka Marekani itakuonyesha 126 na utazimia. Igawanye kwa 18, ni 7.0 ile ile.

Hatua ya 7: Alama zisizo herufi

Alama # mbele ya jina la kiungo ni mfupa uliovunjika. Hapo karibu utakuta MTA au RTA, ajali ya barabarani, na Tanzania utaulizwa PF3, fomu ya polisi. Alama ya kuuliza kabla ya ugonjwa, "?TB" au "?typhoid", maana yake daktari anashuku tu. R/O ni kwamba anataka kuuondoa ugonjwa huo kwenye orodha ya anaoushuku. Kuna mtu aliona "R/O Ca" akawapigia simu wanawe wote waje waagane. Daktari alikuwa amesema tu: pimeni ili tuhakikishe si saratani. Lt ni kushoto, Rt kulia. Kwa anayeenda kupasuliwa, hizo hakikisha mwenyewe.

Kadi ya kliniki ya wajawazito ina zake. G3 P1+1 ni mimba ya tatu, amezaa mara moja, moja iliharibika. LNMP ni siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na EDD tarehe ya makisio ya kujifungua. Ongeza siku 7 na miezi 9: hedhi ya 10 Machi, makisio 17 Desemba. FeFo ni vidonge vya kuongeza damu, SP ni vya kukinga malaria, vinavyomezwa pale pale kliniki. SVD ni kuzaa kwa njia ya kawaida, C/S kwa kupasuliwa.

Kadi ya mtu mwingine isiyo mikononi mwako kwa idhini yake, iache. Vipo vifupisho vilivyowekwa makusudi ili jirani wa foleni asielewe.

Hatua ya 8: Irudishe kwa mdomo wako

Kabla hujaondoka dirishani, usikubali kuulizwa "umeelewa?" ukaitika "ndiyo". Sema wewe: "Hii nyeupe mbili asubuhi na mbili usiku, baada ya kula, siku tano. Hii ya rangi, moja tu, usiku." Ukikosea, utarekebishwa bure. Piga picha ya cheti kwa simu kabla hakijalowa au kuachwa kwenye daladala.

Na kama dawa ni za bibi asiyesoma, omba kalamu. Kwenye bahasha ya kila dawa chora jua linalochomoza kwa asubuhi, jua la utosini kwa mchana, mwezi kwa usiku, na chini ya kila mchoro vidoti sawa na idadi ya vidonge. Bibi mmoja wa kwetu alinirudishia bahasha ya namna hiyo akalalamika kwamba mwezi wangu unafanana na ndizi. Lakini dozi alikuwa ameimaliza, kidonge kwa kidonge.